Jengo la kale kila mtu analipenda mdomoni, kwenye mchango hawaonekani. Tunakosea wapi?

#1 Mlinzi wa Ukumbi
Wakuu salaam. Naingia kwenye hoja moja kwa moja. Tuna jengo la zamani, lilianza kama maktaba baadaye likawa ukumbi wa mikutano, ni la ghorofa moja, kuta nene za mawe na chokaa, sakafu ya juu mbao tupu. Lilifungwa muda mrefu na sasa linaanza kuchoka kweli kweli. Ukimgusa mtu yeyote kuhusu lile jengo anakujia juu, lisibomolewe jamani, baba yangu alijifunzia kusoma pale, sisi tulikutania pale. Haya, mwambie basi tuchange, anaangalia pembeni. Tumeunda kamati, grupu la WhatsApp limejaa watu wanatumiana picha za zamani mpaka usiku, ila kilichoingia kwenye akaunti hakitoshi hata kumlipa mtu wa kutupigia makadirio.

Hoja yangu ni hii na nipo tayari kubishiwa: watu hawatoi hela kwa ajili ya historia. Waandikie kurasa kumi za historia, watasoma, watalia, hawatatoa. Wanatoa kwa kitu watakachokitumia wenyewe au watoto wao. Kwa hiyo badala ya kusema tuokoe urithi, tuseme tunafungua chumba cha watoto kusomea. Aliyepitia hii kitu aje aseme alianzia wapi.

#2 kibuyu
Nimekaa siti ya mbele hapa.

#3 Shangazi Tatu
Mleta uzi nakupinga mapema kabisa. Si suala la historia wala matumizi, ni imani. Watu hawajui hela zao zinaenda wapi basi. Kwetu kamati ya kwanza ilikusanya na ilikusanya vizuri tu, ila hakuna karatasi hata moja iliyobandikwa mahali, ukiuliza unaambiwa wewe ndo unataka kuharibu, mwisho mwenyekiti akahama na daftari likahama naye. Ikaja kamati ya pili, mweka hazina alikuwa mama mmoja hana makuu, akaweka ubao mlangoni kwenye lile lile gofu. Kila wiki anaandika kilichoingia na kilichotoka, mpaka misumari, mpaka nauli ya kijana aliyetumwa kufuata chokaa. Watu wakawa wanasimama kusoma ule ubao. Wakisimama wanaona na jengo. Hapo ndo hela zikaanza kuja, na hakuna aliyebadilisha neno lolote kwenye tangazo.

#4 Joto la Jiwe
Mnajisumbua. Michango ya mtu mmoja mmoja haijawahi kukarabati kitu cha maana popote. Kazi hizi ni za serikali. Sanamu ya Uhuru kule Marekani nani alilipa? Serikali. Kanisa la Notre-Dame kule Paris liliungua nani kalipa? Serikali ya Ufaransa. Pelekeni barua serikalini mkae msubiri.

#5 Msomaji Mkongwe
Joto la Jiwe hapana mkuu, mifano yote miwili umeikosa.

Sanamu yenyewe ililipiwa na michango ya Wafaransa, na Wamarekani walitakiwa kujenga msingi wa kuisimamishia. Serikali ndo ilikataa! Mwaka 1884 gavana wa New York, Grover Cleveland, alizuia dola 50,000 zisitolewe, Bunge la Marekani nalo halikutoa. Kazi ikasimama. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer akatumia gazeti lake la The World, akaahidi kuchapa jina la kila atakayetoa hata kama ni senti. Ndani ya miezi kama mitano zikapatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na sehemu kubwa ilikuja kwa vipande vya chini ya dola moja. Angalia alichofanya hapo, mtoto aliyetoa senti zake aliona jina lake gazetini sawa na tajiri.

Notre-Dame iliungua tarehe 15 Aprili 2019. Ni kweli jengo ni mali ya serikali, ila ukarabati umelipiwa na michango ya euro milioni 846 hivi, watoaji kama 340,000 kutoka nchi 150. Lilifunguliwa tena Desemba 2024.

#6 Joto la Jiwe
Kwenye sanamu nimekupata, asante. Ila Notre-Dame usitufiche, humo kuna familia ya Arnault euro milioni 200, Pinault milioni 100, akina Bettencourt na L'Oréal milioni 200. Toa hizo uone kinachobaki. Kwa hiyo nabadilisha kauli, si serikali, ni tajiri. Tafuta tajiri mmoja aanze, wadogo watafuata. Watu hawapendi kuwa wa kwanza.

#7 fundi_chokaa
Naona mnagombania hela na jengo linanyeshewa. Mimi ni fundi, nimefanya majengo ya mawe na chokaa maisha yangu yote ya kazi. Mleta uzi kabla ya tajiri, kabla ya ubao, maji. Panda juu uangalie gata. Nina hakika limejaa majani na kuna kamti kameota. Maji yakikosa njia yanashuka ndani ya ukuta, yanafika kwenye ncha za boriti, pale boriti inapoingia ukutani hapaoni jua wala upepo, ndipo panapoanzia kuoza. Ukitazama boriti katikati ni nzima inang'aa, watu wanakwambia mbao za zamani imara. Chukua bisibisi nyembamba ichome ile ncha kwa chini pembeni ya ukuta. Ikiingia kama inaingia kwenye keki, usiruhusu mtu kupanda ghorofani.

Kuzibua gata, kukata mti (kukata, siyo kung'oa, ukiung'oa unaondoka na mawe), kufunika tundu za paa hata kwa turubai. Hii ni kazi ya watu wachache wenye ngazi na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kurudisha ukuta uliolala. Wengi wanakusanya hela miaka mingi ya "ukarabati mkubwa" na paa liko wazi muda wote huo, siku hela zinatimia jengo linahitaji mara mbili yake.

#8 Mlinzi wa Ukumbi
Fundi umeongea kama umeshafika pale, mti upo tena si kamti ni mti. Shukrani. Sasa nikuulize, kuna fundi mwingine amejitolea kupiga lipu ya simenti ukuta wote wa nje bure, yeye kazi sisi vifaa, anasema chokaa ni mambo ya zamani haina nguvu. Kamati imefurahi maana ni bure. Nasita.

#9 fundi_chokaa
Sita hivyo hivyo. Huo ukuta unapumua, unyevu unaingia na unatoka kupitia chokaa. Ukiuvisha simenti unyevu unaingia kwa chini na kwenye nyufa halafu haupati pa kutokea, unapanda juu, chumvi inasukuma, baada ya misimu kadhaa lipu inaachia mabamba mabamba na uso wa jiwe unaondoka nayo. Simenti ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, jengo likijinyoosha kidogo chokaa inafuata na nyufa ndogo zinaweza kujiziba zenyewe, simenti inakatika. Mwambie huyo ndugu nguvu kazi yake tunaihitaji sana, asitufanyie lipu, akae na mtu anayejua chokaa wafanye pamoja. Usimkatishe tamaa, mtu anayejitolea ni mali.

#10 Wakili wa Mtaani
Nimesoma wote hakuna aliyeuliza swali moja. HATI IKO WAPI? Jengo ni la nani? Maana nyote mnaongelea kuchangia mali ambayo huenda ina mwenyewe. Nimeona watu wameweka paa jipya, warithi wakatokea, jengo likauzwa na paa lake. Hakuna mfuko wowote makini utakupa hela bila kujua nani anamiliki na nyie mna haki gani pale na kwa muda gani. Kama ni la halmashauri ombeni mkataba mrefu wa maandishi. Kama ni la familia kaeni nao wote, siyo yule mmoja anayepokea simu. Halafu kamati iwe na usajili, bodi ya wadhamini, akaunti ya jina la taasisi yenye saini za watu watatu. Shangazi ubao wako nimeupenda ila ubao haushtakiwi mahakamani.

Pia hakikisheni kama limeorodheshwa kwenye majengo ya kuhifadhiwa. Likiwa kwenye orodha hata kubadilisha dirisha ni kwa kibali.

#11 Shangazi Tatu
Wakili ubao haushtakiwi ila unaona haya kuandika uongo mbele ya majirani, hiyo ni mahakama tosha 😄

#12 Mwana wa Udongo
Mbona nyote mnadhani mchango ni hela? Nendeni Djenné kule Mali. Msikiti wao mkubwa ni wa udongo, huu uliopo ulijengwa 1907, na kila mwaka mji mzima unaupiga plasta ya udongo upya. Vijana wanakimbia na vikapu vya udongo mtaa kwa mtaa kushindana, akina mama wanaleta maji, mafundi wa chama chao wanapanda kwenye zile mbao zilizochomoza ukutani wanapaka kwa mikono. Wazee wana sehemu yao wanakaa wanatazama na kutoa amri. Hakuna anayeulizwa ulitoa shilingi ngapi. Mtu aliyepaka ule ukuta akiwa mdogo hawezi kukubali ubomolewe.

Kwa hiyo mleta uzi badala ya kuweka namba ya malipo kwenye grupu, tangaza siku ya kazi. Hiyo kazi ya gata na turubai aliyosema fundi ndo pa kuanzia.

#13 Msomaji Mkongwe
Mwana wa Udongo mfano mzuri ila malizia na upande wa pili. Mwaka 2006 hapo hapo Djenné timu iliyotumwa na mfuko wa Aga Khan ilipanda juu ya paa la msikiti ikaanza kuchimbua kukagua hali yake. Watu wa mji walikuwa hawajaelezwa vizuri kinachofanyika. Zikazuka fujo kubwa, wakaingia mpaka ndani wakang'oa feni zilizokuwa zawadi ya ubalozi wa Marekani. Yaani watu walewale wanaobeba udongo kila mwaka. Baadaye mwaka 2009 mnara mmoja ukaporomoka sehemu baada ya mvua kubwa na mfuko ule ule ndo uliokuja kusaidia kuurudisha. Nia ilikuwa njema mara zote mbili.

#14 Shangazi Tatu
#13 ndo ninachosema toka asubuhi. Mtu hakujua nini kinaendelea juu ya paa lake. Imani.

#15 Wakili wa Mtaani
Au ndo ninachosema mimi, haijulikani nani ana mamlaka ya kuruhusu paa lichimbuliwe.

#16 kibuyu
Swali nje ya mada kidogo, hilo jengo halina popo kweli? Majengo yaliyofungwa hayakosi popo.

#17 Mlinzi wa Ukumbi
Kibuyu wapo wengi tu, jioni wanatoka kwenye tundu la kenchi mpaka anga linakuwa jeusi. Harufu ukifungua mlango ni balaa.

#18 fundi_chokaa
Basi hiyo siku ya kazi mtu asifagie juu bila barakoa ya maana, kinyesi cha popo kikavu vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Nyunyiza maji kwanza ndo ufagie. Na msizibe tundu popo wakiwa ndani. Kuna nchi kama Uingereza popo wanalindwa kisheria, ukiwafukuza tu unashtakiwa, kazi inasimama mpaka aje mtaalamu wa popo. Subiri wasiwe na watoto, weka njia ya kutokea isiyorudi ndani, ndo uzibe.

#19 kibuyu
Mtaalamu wa popo, kumbe kuna watu wana kazi nzuri hivi.

#20 Baharia Mstaafu
Turudi kwenye hela. Mimi wote mnanitisha kwa sababu mnaongelea kufika siku ya ufunguzi tu. Soma habari ya gati la Hastings, Uingereza. Gati la zamani la starehe, liliungua mwaka 2010. Wananchi wakaungana, wakauziana hisa za jamii, watu kama 3,000 wakanunua, mfuko wa bahati nasibu ya taifa ukatoa mamilioni ya pauni, gharama yote ikawa zaidi ya pauni milioni 14. Likafunguliwa 2016. Oktoba 2017 likapewa tuzo ya Stirling, ile kubwa ya usanifu majengo kule kwao. Mwezi uliofuata, mwezi uliofuata jamani, taasisi ya wananchi iliyokuwa inaliendesha ikashindwa kulipa madeni ikakabidhiwa wasimamizi. 2018 likauzwa kwa mfanyabiashara mmoja.

Jamii ilikuwepo, uwazi ulikuwepo, umiliki ulikuwepo, mfadhili mkubwa alikuwepo, tuzo ilikuwepo. Hela ya kuliendesha jengo kila mwezi ndo haikuwepo. Kwa hiyo Mlinzi wa Ukumbi swali siyo nani atalipa ukarabati, ni nani atalipa umeme na mlinzi na kuzibua gata mwaka wa tano. Chumba cha watoto kusomea ni kizuri sana ila hakiingizi kitu.

#21 Mlinzi wa Ukumbi
Baharia umenifanya nikae chini. Tulipanga chini pawe pa kusomea, juu ukumbi wa kukodisha. Ila juu ndo kwenye boriti anazosema fundi. Kwa hiyo sehemu ya kuingiza hela ndo ghali kuliko zote kuikarabati, na sehemu rahisi haiingizi. Hapo nimekwama.

#22 Joto la Jiwe
Geuza. Chini kodisha kwanza, hata nusu yake, hela inayoingia ipande juu. Watoto wataenda juu baadaye.

#23 Shangazi Tatu
Watoto ndo waliofanya watu waahidi kutoa, leo uwaambie subirini tunakodisha? Utaua grupu lote kwa siku moja.

#24 Dada Mkutubi
Naomba nichangie kwa kirefu maana hoja ya mleta uzi ya kwanza kabisa, kwamba watu hawatoi kwa ajili ya historia, mimi siikubali na hakuna aliyeirudia.

Frauenkirche ya Dresden, Ujerumani, iliporomoka Februari 1945 baada ya mabomu. Rundo la mawe likakaa hapo katikati ya mji zaidi ya miaka 40. Mwaka 1990 kikundi kidogo cha wenyeji kikatoa wito kwa dunia. Kujenga kulianza 1994, kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Gharama kama euro milioni 180 na zaidi ya nusu, kama milioni 100, ni michango ya watu. Walitoaje? Kwanza waliokota mawe moja moja, wakayapima, wakayapa namba, yanayofaa yakarudi ukutani, ndo maana leo ukiliangalia lina madoadoa meusi ya mawe ya zamani kati ya meupe mapya. Wakauza saa za mkononi zenye kipande cha jiwe ndani. Mtu akanunua historia, kipande chake cha mkononi. Na ule msalaba wa juu kabisa ni zawadi kutoka Uingereza, fundi mmoja wa walioutengeneza baba yake alikuwa rubani kwenye mashambulizi yale yale. Hapo niambieni matumizi yako wapi. Hiyo ni historia tupu.

Ninachotaka kusema, historia inatolewa hela ikishikika. Kurasa kumi za maelezo hazishikiki. Zile picha za zamani mnazotumiana usiku kwenye grupu ndo mali yenu, zikusanyeni, chapeni, bandikeni mlangoni na majina ya waliomo. Mtu akimuona bibi yake pale ukutani hutamuomba mara mbili.

#25 Mwana wa Udongo
Dada Mkutubi nakubali nusu. Dresden ni nchi yenye hela.

#26 Mjukuu wa Mwashi
Nawasoma kimya toka mwanzo. Kuna kitu kinaitwa ujuzi na hakinunuliki kwa mchango. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Uganda, ile nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010. Huruma ilikuwepo, watu walichanga, serikali iliahidi, Japani ikasaidia kupitia UNESCO. Pamoja na hayo ilibaki kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mpaka 2023. Sababu mojawapo, paa lile haliezekwi na yeyote, kuna ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi hiyo, kuna miiko, kuna nyasi zake, na vijana ilibidi wafundishwe. Timbuktu kule Mali vilevile, makaburi ya mawalii yalivunjwa 2012, waliojenga upya 14 kati yake kufikia 2015 ni waashi wa pale pale, familia zilizokuwa zinayatunza toka zamani.

Kwa hiyo Mlinzi wa Ukumbi, sehemu ya hela yoyote utakayopata iende kwa vijana wawili watatu wakae chini ya mtu kama fundi_chokaa wajifunze. Halafu kuhusu alichosema Baharia, kijana wa mtaani anayejua chokaa ndo atakayezibua gata mwaka wa tano bila kuitwa kutoka mbali.

#27 Baharia Mstaafu
Na mshahara wake?

#28 Mjukuu wa Mwashi
Akishajua chokaa majengo mengine yatamlipa. Yapo mengi yanaoza.

#29 Joto la Jiwe
Bado nasimama na tajiri, ila kwa njia hii. Muombe aahidi kwamba kila mtakachochanga nyie na yeye anaweka kiasi hicho hicho mpaka kikomo fulani, kwa muda fulani. Mtu akijua senti yake inazaa nyingine papo hapo anatoa haraka. Mwaka 1983 American Express walisema kila mteja akitumia kadi yao wanatoa senti moja kukarabati ile Sanamu ya Uhuru ya Msomaji Mkongwe, zikaingia dola milioni 1.7. Mteja hakutoa kitu, kadi zao zikatumika zaidi, sanamu ikapata. Kila mtu kachukua chake.

#30 Wakili wa Mtaani
Na tajiri wako atauliza hati iko wapi.

#31 Mlinzi wa Ukumbi
Nimewasoma wote, asanteni sana. Kwa hatua hii tutafanya hivi: Jumamosi ijayo siku ya kazi, gata na mti na turubai, barakoa lazima. Ubao unawekwa siku hiyo hiyo na Shangazi nitakutumia picha yake. Barua ya kuulizia umiliki naipeleka Jumatatu. Lipu ya simenti nimeikataa leo, yule ndugu kanuna kidogo ila amekubali kuja kubeba majani. Suala la chini au juu kukodishwa sijapata jibu, endeleeni kubishana nasoma.

Ila kuna kitu kingine fundi, upande wa nyuma kuna ufa umetoka kwenye dirisha la juu unashuka, kidole kinaingia. Tuuzibe na chokaa siku hiyo?

#32 fundi_chokaa
Usizibe. Kwanza niambie, mpana zaidi juu au chini? Kama mpana juu huenda kona za jengo zinakaa, kama mpana chini huenda ni katikati panapozama. Bandika kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa, gundisha pande zote mbili, andika tarehe pembeni kwa penseli. Kikikatika jengo bado linatembea na hapo unahitaji mhandisi kabla ya mtu yeyote wa kuchanga. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni ya ufa uitume hapa.

#33 Joto la Jiwe
Na huyo mhandisi nani anamlipa? Tumerudi pale pale.

#34 Shangazi Tatu
Andika kwenye ubao "tunatafuta mhandisi wa kuangalia ufa wa nyuma". Kwetu alipatikana hivyo, alikuwa anapita tu akasimama kusoma.